Fantasia Mahaba

Mwaka 2024, wahariri wa kamusi za Oxford walipotoa orodha yao fupi ya maneno ya mwaka, moja kati ya yale sita lilikuwa romantasy, jina la aina moja ya riwaya. Halikushinda. Taji lilikwenda kwa neno linalotaja kuoza kwa ubongo wa mtu anayeshinda mtandaoni, na asiyezipenda riwaya hizi angeweza kusema kwamba maneno hayo mawili hayakukutana kwa bahati. Mimi nazipenda, ingawa si zote, na kwa muda sasa nimekuwa nikitafuta namna ya kuzitaja kwa Kiswahili bila kuzunguka. Ukimwambia mtu kwamba unasoma "riwaya ya mapenzi yenye mambo ya ajabu ajabu ndani yake," atakutazama kwa huruma.

Aina yenyewe si ngeni kama jina lake. Sarah J. Maas, Mmarekani, alitoa A Court of Thorns and Roses mwaka 2015. Rebecca Yarros, naye Mmarekani, alitoa Fourth Wing Mei 2023 na Iron Flame Novemba mwaka uleule. Kitabu cha tatu cha mfululizo huo, Onyx Storm, kilipotoka Januari 2025 kiliuza nakala zaidi ya milioni 2.7 katika wiki ya kwanza. Vijana wanaojirekodi TikTok wakilia juu ya kurasa walifanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya wahakiki wa magazeti. Wachapishaji walihitaji jina la kubandika kwenye rafu, na jina lililopatikana ni la kuchanganya vipande viwili: kipande cha riwaya ya mapenzi na kipande cha fantasia.

Lakini kuchanganya majina hakuelezi mambo yenyewe yanachanganyikaje. Fantasia nyingi zina mapenzi ndani yake, na hadithi nyingi za mapenzi zina mganga au mzimu pembeni. Kinachozitenga riwaya hizi ni kwamba ajabu na mapenzi vimefungwa fundo moja, ukivuta huku kule kunakaza. Tazama Maas alivyofanya. Feyre ni msichana anayewinda ili familia yake isife njaa. Anamuua mbwa mwitu msituni, kumbe si mbwa mwitu bali kiumbe wa nchi ya pili, na adhabu yake ni kwenda kuishi kwa Tamlin, mmoja wa mabwana wa nchi hiyo. Baadaye tunagundua kwamba Tamlin na watu wake wamelaaniwa, na laana haitoki ila binadamu aliyewachukia viumbe hao ampende na atamke kwa kinywa chake kwamba anampenda. Feyre anaondoka bila kutamka. Anaporudi kumkomboa, malkia Amarantha anampa majaribu matatu, pamoja na kitendawili kimoja ambacho angekijibu tu majaribu yasingehitajika. Jibu la kitendawili ni mapenzi. Msomaji mzoefu analiona jibu hilo kurasa nyingi kabla ya Feyre, na hapo, kwa maoni yangu, mwandishi alimdharau kidogo msichana wake. Hata hivyo umbo la hadithi liko wazi: laana ni ya kichawi, na ufunguo wake ni moyo. Hakuna namna ya kuvitenga.

Yarros ana ufundi mwingine, na nadhani ni bora zaidi. Violet Sorrengail ana viungo dhaifu vinavyoteguka ovyo, lakini mama yake, jenerali, anamlazimisha kuingia chuo cha kijeshi cha Basgiath, ambako wanafunzi hufa kabla hata ya kufundishwa. Humo yumo Xaden Riorson. Baba yake Xaden aliongoza uasi, na aliyesimamia kuuawa kwake ni mama yake Violet, kwa hiyo kijana ana kila sababu ya kumtaka binti huyu afe. Kisha joka liitwalo Tairn linamchagua Violet. Tairn ana mwenza wake, Sgaeyl, na Sgaeyl ni joka la Xaden. Majoka wenza hawawezi kukaa mbali kwa muda mrefu, kwa hiyo wapanda majoka nao hawawezi. Zaidi ya hapo, Violet akifa huenda Tairn akafa. Tairn akifa, Sgaeyl atafuata. Na Sgaeyl akifa, Xaden naye. Kijana aliyetamani kifo cha binti wa adui yake sasa lazima amlinde kama anavyoilinda roho yake. Waandishi wa mapenzi wamehangaika miaka na miaka kutafuta sababu ya kuwaweka wachukianao chumba kimoja: mvua kubwa, gari lililoharibika, wosia wa babu. Yarros anatumia sheria ya kichawi isiyo na mlango wa kutokea, na hasira ya Violet kwa sheria hiyo ndiyo inayoifanya iaminike.

(Neno "joka," nikiwa hapo, linanisumbua. Kwetu joka ni nyoka mkubwa, na ni Biblia ya Kiswahili, katika Ufunuo, iliyoliazima kwa yule mnyama wa vichwa saba. Msomaji wa Kiswahili itabidi alibandike mabawa mwenyewe.)

Kutokana na mifano hiyo miwili ninapata kipimo, na kipimo ndicho kitu cha kwanza ambacho istilahi inadai. Yatoe mapenzi katika hadithi, uone kama inasimama. Kisha irudishe hadithi ilivyokuwa, utoe ajabu, uone tena. Ikianguka mara zote mbili, ndiyo aina tunayoitafutia jina. Ikianguka mara moja tu, ina jina lake tayari.

Kipimo hiki kinakata vitabu ambavyo wauzaji huvitia kapu moja. The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, ya mwaka 2023, inatokea katika bahari yetu wenyewe, Bahari ya Hindi ya karne ya 12. Nahodha Amina, haramia aliyestaafu, anarudi chomboni kumsaka binti aliyetekwa na Mfaranki mmoja. Ana waume kadhaa nyuma yake, na mmoja wao, Raksh, si binadamu. Kuna ndoa humo, kuna vichekesho vya ndoa, kuna hata tamaa. Lakini kinachosukuma merikebu ni umama, fedha na sifa ya kuwa nahodha. Hiyo ni fantasia, na ni nzuri kuliko nyingi nilizozitaja. Kuipa jina jingine ni kumpotosha mnunuzi. Vilevile Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, ya mwaka 2018: Zélie na mwanamfalme Inan wanavutana, lakini kitabu ni cha kurejesha uchawi kwa watu walionyang'anywa.

Sasa jina. Njia ya mkato ni kutohoa: romantasia. Nusu ya pili haina tatizo, kwani "fantasia" imekwisha kuzoeleka katika uhakiki wetu wa fasihi. Nusu ya kwanza ndiyo bubu. Msomaji wa Kiswahili asiyejua Kiingereza hasikii mapenzi katika "roman". Pengine atasikia Roma. Njia ya pili ni kuiga mbinu ya neno la asili, yaani uhulutishaji, ule wa kuokota vipande vya maneno na kuviunganisha. Tumeufanya kwa chakula cha jioni tukapata chajio, na kwa cha mchana tukapata chamcha. Nimejaribu mapezia, nimejaribu mahantasia. Yote mawili yanasikika kama majina ya dawa ya kikohozi.

Njia ya tatu inawavutia watu wa Kiswahili safi: njozi. Wapo wanaosema "riwaya ya njozi" badala ya fantasia, na ni neno zuri, lina uzito wa maono. Tatizo linaanza likikutana na mapenzi. "Njozi za mapenzi" mtu yeyote mtaani atazielewa kuwa ndoto za mapenzi, zile za usingizini, na riwaya ya Violet Sorrengail si ndoto ya mtu; ni nchi yenye ramani, sheria, baridi na vifo. "Njozi na mapenzi," kwa kutia "na," inaharibu zaidi, kwa sababu "na" inaviweka vitu viwili ubavu kwa ubavu, wakati kipimo chetu kimeonyesha kwamba havitengani.

Basi fantasia ibaki. Na je, neno la kukaa nayo liwe mapenzi, upendo au mahaba? Upendo tuuache: mtu humpenda Mungu, jirani na mama yake kwa neno hilo. Mapenzi ni pana mno. Kuna mapenzi ya mpira, kuna mapenzi ya Mungu pale mgonjwa anapofariki. Mahaba hayana upana huo. Yana harufu ya udi na asumini, na yana chumba ndani yake. Atakayelalamika kwamba neno ni moto mno, avisome vitabu vyenyewe: vingi vina kurasa ambazo mzazi hatapenda mtoto wa miaka 12 azione, na jina linalomwonya mapema linamfanyia hisani, yeye na mkutubi wa shule.

Ila sababu kubwa ya kuyachagua mahaba ni nyingine. Neno hili limekwisha kuishi na ajabu, kitambo sana, katika jina ambalo kila mtu wa pwani analijua: jini mahaba. Husimuliwa kwamba jini huyu humpenda binadamu, akamfanya wake. Anayependwa hutembelewa usiku. Wachumba wanaokuja kumposa hughairi bila sababu, ndoa ikifungwa haitulii, na mwenyewe huanza kupenda upweke na manukato. Familia hutafuta kisomo, makombe, au kwa wengine ngoma ya kupunga, ili mpenzi asiyeonekana aondoke. Sijadili hapa kama yupo au hayupo. Ninachosema ni kwamba mwambao huu una hadithi kamili ya kiumbe mwenye nguvu za ajabu anayempenda binadamu, mwenye wivu, asiyekubali kuachwa. Ondoa mganga, mpe jini jumba la kifahari na mabawa, na huyo ni Rhysand, mpenzi wa Feyre katika vitabu vya baadaye vya Maas, ambaye wasomaji wanamlilia. Tofauti iko katika upande tunaosimama. Kwetu jini mahaba ni maradhi, na kisa huishia kwa kutibiwa. Katika riwaya za Maas ni matumaini, na kisa huishia kwa kumpata. Nadhani mwandishi wa Tanga au Lamu atakayekaa katikati ya pande hizo mbili, akaziamini hofu na tamaa kwa pamoja, ataandika kitabu ambacho Yarros hawezi.

Jini mahaba linatupa na sarufi pia. Nomino mbili zimekaa pamoja bila kiunganishi, ya pili ikiieleza ya kwanza, kama askari kanzu na mbwa mwitu. Askari kanzu ni askari, na kanzu ndiyo inayomtofautisha na wenzake. Jini mahaba ni jini, na bila mahaba ni jini kama majini wengine. Tukisema fantasia mahaba tunapata uhusiano uleule: ni fantasia, ina nchi yake na sheria zake za ajabu, lakini ukiyatoa mahaba aina yake inakufa. Kipimo chote kimo ndani ya jina. Ngeli haisumbui: fantasia mahaba hii imenichosha, fantasia mahaba hizi zinauzwa wapi. Anayeandika ni mwandishi wa fantasia mahaba. Haihitaji maelezo ya pembeni, na bibi yangu angekisia maana yake kabla sijamaliza kutamka.

Likikubalika hilo, mengine yatafuata kwa wepesi. Wale wapenzi waliofungwa na majaliwa kabla ya kuzaliwa, ambao Maas anawajengea nusu ya visa vyake, Kiswahili kina la kuwaita: walioandikiwa. Feyre na Rhysand wameandikiwa, basi.

Kuna atakayeuliza kama sisi tuna yoyote ya kwetu. Shaaban Robert alitupa nchi inayoelea angani katika Kusadikika, mwaka 1951, na mwaka uliofuata akatupa Adili na Nduguze, yenye mji wa watu waliogeuka mawe, na Huria, binti wa mfalme wa majini, aliyewageuza ndugu wawili manyani. Adili anampata Mwelekevu katika mji huo wa mawe, kwa hiyo mapenzi yamo. Lakini kisa kinaendeshwa na husuda ya ndugu kwa ndugu. Ni fantasia, tena ya mwanzo mwanzo katika nathari yetu. Fantasia mahaba siyo. Hadithi za majini na wapenzi wao zinazoandikwa kwa vipande na kusomwa katika simu zinakaribia zaidi, ingawa nyingi hukimbilia chumbani kabla ya kuijenga nchi. Zikitolewa ajabu, mara nyingi hakuna kinachoanguka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahariri wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar. Ukiletewa mswada wa aina hii usiufiche chini ya "riwaya pendwa," ambamo upelelezi, mapenzi na ujambazi vimelundikwa pamoja. Upime kwa kutoa mahaba, kisha kwa kutoa ajabu. Ukianguka mara zote mbili, andika fantasia mahaba kwenye jalada, kwa herufi ambazo mnunuzi ataziona.