Kwa nini wazee wa jamii za wachache hukosekana kwenye utafiti wa dimenshia?

Dimenshia ni jina la pamoja la hali zinazodhoofisha kumbukumbu, fikra na uwezo wa mtu kujihudumia. Alzheimer ndiyo chanzo chake kikubwa. Nchini Marekani, wazee weusi wanakabiliwa na hatari ya kuugua takriban mara mbili ya wazee weupe. Hata hivyo, dawa ya aducanumab ilipoidhinishwa mwaka 2021, watu weusi walikuwa chini ya asilimia 1 ya washiriki wa majaribio yake makuu. Katika makala haya tunaeleza sababu, na tunaangalia walikofanikiwa kuwafikia.

Kumbukumbu ya Tuskegee

Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 jimboni Alabama. Kati yao, 399 walikuwa na kaswende, lakini waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilikuwa tiba inayokubalika kufikia mwaka 1947, lakini hawakupewa. Rais Bill Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Kwa mzee wa miaka 80, hiyo si hadithi ya mababu: alikuwa mtu mzima siri hiyo ilipofichuka.

Je, ni woga tu?

Hapana. Wengi hawajawahi hata kuombwa washiriki. Majaribio mengi hufanyika katika hospitali kubwa, saa za kazi, na mzee hutakiwa kuwa na ndugu au rafiki wa kufuatana naye. Anayefanya kibarua cha kutwa hawezi kuomba ruhusa kila mara ampeleke mama yake. Aidha, mwenye kisukari au shinikizo la damu lisilodhibitiwa anaweza kukataliwa, na maradhi hayo ndiyo yanayowaelemea wazee hao hao. Zipo pia familia zinazoona kusahau ni uzee tu, kwa hiyo mgonjwa hafiki kwa daktari.

Kinachopotea

Wasipokuwapo, majibu ya kundi moja huchukuliwa kuwa ya wote. Mfano ni jeni ya APOE e4, ambayo huongeza sana hatari ya Alzheimer kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa wenye asili ya Afrika, uhusiano huo ni dhaifu zaidi.

Utafiti ulioanza mwaka 1992 uliwalinganisha Wamarekani weusi wa Indianapolis na Wayoruba wa Ibadan, Nigeria. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kila mwaka dimenshia iliwapata takriban watu 3.24 katika kila 100 huko Indianapolis, na 1.35 huko Ibadan. Tofauti hiyo iliwafanya watafiti watazame zaidi maisha na mazingira, badala ya kutafuta jibu katika nasaba peke yake.

Walifikiwaje?

Huko Indianapolis, watafiti waliwafuata wazee majumbani. Sehemu ya dodoso lao ilimhoji ndugu anayemjua mzee vizuri, ili asiyesoma asihesabiwe mgonjwa kwa kukosa shule. Chicago nako, utafiti wa Chuo Kikuu cha Rush ulioanza mwaka 2004 uliwapata wazee weusi kupitia makanisa na makazi ya wazee, kisha ukaendelea kuwatembelea mwaka baada ya mwaka.

Mzee wako akialikwa

Wenye wazee ughaibuni wanaweza kupata mwaliko wa aina hii. Tunashauri kuuliza mapema: Nani anagharamia utafiti? Damu na picha za ubongo zitatumika kwa nini, na zitahifadhiwa wapi? Nauli italipwa? Matokeo tutaelezwa na nani, kwa lugha gani? Akili yake ikidhoofika, nani ataamua kwa niaba yake? Ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Mtafiti anayestahili kuaminiwa hujibu maswali hayo kabla ya kuomba saini.