Safari ya shauri la jinai kutoka Nyabiyonza

Mkulima wa Nyabiyonza, wilayani Karagwe, akiibiwa kahawa aliyoianika uani, leo ana njia ya kufuata. Ataanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, aende polisi, na shauri lifunguliwe mahakama ya mwanzo. Asiyeridhika na hukumu anaweza kupanda ngazi hadi Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu, na katika mambo fulani ya kisheria hadi Mahakama ya Rufani. Babu wa babu yake hakuwa na ngazi hizo. Alikuwa na mtawala, na mtawala ndiye aliyekuwa hakimu.

Novemba 1861, wasafiri Waingereza Speke na Grant walipokaribishwa na Omukama (mfalme) Rumanyika, Karagwe ilikuwa ufalme wa ukoo wa Wahinda wenye makao yake Bweranyange. Ugomvi mdogo ulimalizwa na wazee wa ukoo na wakuu wa maeneo. Yaliyowashinda yalipelekwa kwa Omukama. Aliyesikiliza kesi ndiye aliyekusanya kodi, aliyegawa ng'ombe na aliyeita watu vitani. Zipo sifa katika mfumo ule: shauri lilisikilizwa na watu waliojua shamba la nani linapakana na la nani, na aliyedhulumiwa alitarajia fidia, si kuona tu mkosaji akiadhibiwa. Lakini kama aliyekudhulumu ni mkubwa mwenyewe, hukuwa na pa kwenda.

Wajerumani hawakuondoa kasoro hiyo, bali waliizidisha. Amri ya Kansela wa Ujerumani ya Aprili 1896 ilimpa ofisa wa utawala mamlaka ya kuwahukumu Waafrika, ikaweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja na kukataza wanawake wasichapwe. Hukumu ya kifo ilihitaji idhini ya Gavana. Kikomo hicho cha viboko ndicho kilichozaa neno "hamsa ishirini", yaani ishirini na tano, ambalo wazee wa Tanganyika walilikumbuka kwa uchungu. Bwana mkubwa alikamata, akahukumu na kusimamia fimbo.

Waingereza walileta kitu kipya kwa Waafrika mwaka 1920: Mahakama Kuu ya Tanganyika, yenye majaji ambao kazi yao ilikuwa kuhukumu tu. Tatizo ni kwamba jaji huyo alikuwa mbali na Karagwe, na mpango wa Gavana Donald Cameron wa kutawala kupitia machifu ulimweka mbali zaidi. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliziondoa mahakama za machifu chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu na kuzikabidhi kwa maofisa wa utawala. Jaji Mkuu wa wakati huo, Alison Russell, aliupinga mwelekeo huo, akashindwa. Tangu hapo rufaa ya Mnyambo, yaani mwenyeji wa Karagwe, ilitoka baraza la chifu ikaenda kwa ofisa wa wilaya, kisha mkuu wa jimbo, na ikaishia kwa Gavana. Ngazi zilikuwapo, lakini kila ngazi alikaa mtawala. Mawakili hawakuruhusiwa. Kesi nzito kama za mauaji ndizo zilizofika kwa jaji, na rufaa zake zikaenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki.

Kwa maoni yangu kuweka mtawala kwenye kila ngazi ndio uonevu mkubwa kuliko hata viboko. Kiboko kiliumiza siku moja. Utaratibu ule uliwafundisha wananchi kwa zaidi ya miaka 30 kwamba haki ni fadhila ya anayekutawala.

Badiliko lilikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1963 Bunge lilifuta mamlaka ya machifu, na mwaka huohuo likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika Julai 1964. Mahakama ya mwanzo ikazaliwa, na kwa mara ya kwanza shauri la Nyabiyonza liliwekwa katika mnyororo mmoja na la Dar es Salaam. Kanuni za ushahidi za mahakama ya mwanzo, za 1964, ziliandikwa kwa lugha nyepesi ili mtu asiye na wakili ajieleze. Wazee wa baraza walikaa na hakimu. Mlalamikaji alisimamia kesi yake mwenyewe, na Kiswahili ndicho kilichozungumzwa. Mawakili walizuiwa humo kwa miongo mingi, hadi mwaka 2021 waliporuhusiwa pale anapoketi Hakimu Mkazi.

Kwa kawaida mahakama ya mwanzo haifungi mtu zaidi ya miezi 12. Makosa mazito zaidi huanzia Mahakama ya Wilaya, ambako Jamhuri ndiyo inayoshtaki. Zamani aliyesimama kwa niaba yake alikuwa polisi, mara nyingi wa kituo kilekile kilichopeleleza. Sheria ya 2008 ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ililenga kazi hiyo iwe ya wanasheria wa serikali, na imechukua miaka mingi kufika wilayani.

Mauaji yana njia yake, na hapo ndipo watu huteseka zaidi. Hayana dhamana. Mshtakiwa hufikishwa Mahakama ya Wilaya, ambayo haina uwezo wa kumhukumu, na anarudishwa mahabusu huku akisikia maneno ambayo kila familia yenye ndugu gerezani inayajua: upelelezi haujakamilika. Ukikamilika, maelezo ya mashahidi husomwa, ndipo shauri lihamie Mahakama Kuu. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asishtakiwe kabla ya upelelezi kukamilika, lakini makosa makubwa yakaachwa nje. Yaani aliyehitaji nafuu hiyo zaidi ndiye aliyenyimwa.

Ngazi ya juu nayo ilibidi ijengwe upya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama yake ya rufani ilikwenda nayo, na Tanzania ikaanzisha yake mwaka 1979. Mahakama hiyo huja kuketi Bukoba, na majaji watatu husoma yale yale aliyoyaandika hakimu wa wilaya: nani alisema nini, kielelezo kilipokelewaje. Wapo waliofutiwa vifungo vya miaka 30 kwa kuwa kumbukumbu zilionyesha utaratibu ulikiukwa. Hata hivyo, hadi mwaka 2021 Kiswahili kilipofanywa lugha ya mahakama zote, hukumu za kuanzia wilaya kwenda juu ziliandikwa Kiingereza, na wengi walikata rufaa dhidi ya maneno wasiyoweza kuyasoma.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Nyabiyonza na kwingineko: siku hukumu inaposomwa, ombeni nakala yake na ya mwenendo wa shauri. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya mna siku 30, na siku 30 nyingine kwenda Mahakama Kuu. Kwa shauri la jinai lililoanzia Mahakama ya Wilaya, toeni taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aieleze mahakama sababu ya kuridhisha.