Pampu za mkono za Morogoro: urithi usio na kinga

Mradi wa Visima vya Morogoro ulianza mwaka 1978 kwa msaada wa Uholanzi, ukifuata ule wa Shinyanga wa mwaka 1974. Vijiji vilichimbiwa visima vifupi vyenye pampu za mkono, zinazoinua maji bila umeme wala dizeli.

Pampu hizo ni kumbukumbu ya mpango wa mwaka 1971, uliokusudia kumfikishia kila mwanakijiji maji ifikapo 1991.

Hata hivyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo na vifaa vya kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye huhitaji tamko la Waziri. Pasipo hilo, pampu iliyong'olewa huweza kuishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu.