Jumba la Harewood: Ni Nani Aliyelijenga?

Kaskazini mwa mji wa Leeds, katika jimbo la Yorkshire, Uingereza, lipo jumba la Harewood, makao ya ukoo wa Lascelles. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1759, na Edwin Lascelles akahamia humo mwaka 1771. John Carr alichora ramani. Robert Adam akapamba vyumba. Thomas Chippendale akatengeneza samani. Lancelot Brown akabuni bustani. Majina hayo huonyeshwa wageni kwa fahari. Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuuliza: mali ya kuwalipa mafundi hao ilitoka wapi?

Jibu liko ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Henry Lascelles, babake Edwin, alikuwa mkusanyaji wa ushuru wa forodha katika kisiwa cha Barbados tangu mwaka 1715. Alifanya biashara ya sukari na ya watumwa, tena akawakopesha fedha wenye mashamba ya miwa. Alifariki mwaka 1753, lakini madeni hayakufa pamoja naye. Wadeni waliposhindwa kulipa, hasa baada ya mwaka 1773, mashamba yao yaliingia mikononi mwa Edwin, pamoja na watu waliokuwa wakitumikishwa humo. Hivyo deni la mwenye shamba lilimpa mtumwa bwana mpya, aliyeishi mbali naye.

Sheria ya mwaka 1833 ilipofuta utumwa katika makoloni ya Uingereza, serikali ilitoa fidia. Je, alilipwa nani? Earl wa pili wa Harewood alipata zaidi ya paundi 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Wale waliotoa jasho hawakupewa hata senti. Walilazimishwa kuwafanyia kazi mabwana wao wa zamani hadi mwaka 1838.

Ukoo huo uliuza mashamba yake ya mwisho ya Barbados mnamo mwaka 1975. Hati zake za biashara sasa zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha York, na mwaka 2023 David Lascelles, Earl wa nane, aliungana na wazao wengine wa wenye watumwa kudai haki itendeke.

Tunajifunza basi kwamba historia ya jumba haiishii kwenye kuta zake. Aliyechonga kiti anakumbukwa kwa jina. Aliyekata muwa amebaki hesabu tu katika daftari la bwana. Kazi yetu ni kulisoma daftari hilo upya, tukimtafuta mtu nyuma ya tarakimu.