Lori la jeshi chini ya Rwenzori

Vita vya Rwenzururu, uasi wa magharibi mwa Uganda, tangu 1962 hadi kiongozi wake Charles Mumbere aliposhuka kutoka Mlima Rwenzori 1982, vilipiganwa zaidi kwa miguu. Lori la jeshi liliishia barabara ilipoishia. Novemba 1996, waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe, jirani na Bwera, kimbilio lao baadaye likawa mlima uleule. Kwa hiyo lori la enzi hizo, likipatikana wilayani Kasese, chini ya mlima huo, ni ushahidi wa mahali nguvu za serikali zilipokomea. Wapo watakaosema liuzwe, maana chuma chakavu kinalisha watu, na ni kweli. Lakini kikishayeyushwa, ushahidi umekwisha. Wala kulihifadhi kwa kulipaka rangi tu hakutoshi: likikaa tu, mipira ya breki hukakamaa, pistoni hushikwa na kutu, tangi la dizeli hukusanya maji. Wilaya ianze kuhifadhi lori moja, liwashwe mara kwa mara.