Naili na kadodi havibaniki

Filamu ya kwanza kuwafikia wengi Jinja na Mbale, Uganda, ilikaa kibandani: mabenchi, runinga, mkanda wa VHS, na VJ akitafsiri kwa Kiganda juu ya kelele za Wachina na Wamarekani. VCD zilipokuja, sinema moja ilitaka diski mbili. Watu wakajua, bila somo, kwamba picha ina uzito.

Memori kadi zikaugeuza uzito huo kuwa biashara. Kijana mwenye kompyuta aliibana filamu iwe 3GP ya vitone 176 kwa 144. Nyuso zikawa madoa, lakini VJ alisikika, na mimi naamini sauti ndiyo iliyouzwa.

Mbinu ya kubana video iliyotawala baadaye, H.264, ilitoka mwaka 2003. Haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi zaidi kilichobadilika. Mtu aliyeketi mbele ya ukuta hugharimu kidogo. Sasa peleka kamera Mutoto, Mbale, Agosti ya mwaka wa Imbalu, sherehe ya tohara, ambao huja kila baada ya miaka miwili: ngoma za kadodi zinalia, umati unaruka, vijana wamepakwa unga, vumbi juu. Hakuna kilichotulia. Jinja hali ni ileile, maana povu la Naili halirudii umbo. Ukilibana mno, mto unavunjika vigae vigae. Maporomoko ya Bujagali yalizama kwa ajili ya bwawa lililozinduliwa 2012, kwa hiyo anayeyataka leo anayatafuta katika video za zamani.

Mwaka 2009 mkondo ulibadilika. Julai, kebo ya intaneti ya SEACOM ilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Apple ikaleta HLS, mbinu ya kurusha video mtandaoni inayoikata vipande vya sekunde chache, kila kimoja kwa viwango kadhaa, simu ikachagua kulingana na mtandao. Saa moja kwa kilobiti 300 kwa sekunde inakula takriban MB 135. Kwa megabiti 2.5, zaidi ya MB 1,100. Mwenye bando anaielewa hesabu hiyo haraka. Serikali ya Uganda nayo iliielewa: 2018 ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, wengi wakapita kwa VPN, Julai 2021 ikahamia asilimia 12 juu ya data yenyewe.

Ndiyo maana anayewarushia ndugu walio mbali Imbalu hufunga kamera kwenye stendi, hupunguza picha, lakini sauti haigusi. Ngoma haina uzito mkubwa. Uso wa kijana ukigeuka vigae, kadodi bado inasikika.