Yaliyoandikwa Hammersmith

Penisilini ilipoenea katika hospitali za Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, matabibu wengi waliitakidi kwamba usaha na sumu ya damu vimekwisha kupata mshindi wake. Ilhali Mary Barber, bingwa wa vijidudu katika hospitali ya Hammersmith, London, aliendelea kuvipima vijidudu vya stafilokoka walivyokuwa navyo wagonjwa, na matokeo yake akayahifadhi kwa maandishi mwaka baada ya mwaka. Kumbukumbu hizo zilidhihirisha jambo la kuogofya: mwaka 1946 vijidudu sugu kwa penisilini vilikuwa asilimia 14 hivi, mwaka uliofuata vikawa 38, na mwaka 1948 vikafika 59. Tena Barber akabainisha kwamba dawa haikuvifunza vijidudu dhaifu kustahimili. Iliviua hivyo, ikaviachia nafasi vile ambavyo tangu awali vilikuwa na kimeng'enya cha kuiharibu penisilini, navyo vikahama kutoka mgonjwa hata mgonjwa.

Kwa rai yangu, fadhila kubwa ya kazi ile ni subira ya kuandika, kwani tabibu aliye kando ya kitanda humwona maridhi wake mmoja tu, na mabadiliko ya miaka mitatu hayamdhihirikii ila yakusanywe mahali pamoja. Desturi hiyo imefika hata pwani yetu: Kilifi, tangu mwaka 1998, watoto wanaolazwa hospitalini hupimwa damu kutafuta vijidudu, na majibu huunganishwa na taarifa za maradhi yao.